Khatam an-Nabiyyin: ni wa mwisho, au ni mbora tu?

Swali: Dada mmoja wa Bombo anasema kaka yake amejiunga na Ahmadiyya. Kaka huyo anadai kwamba "khatam" katika Suratul Ahzab, aya ya 40, inayomwita Mtume (s.a.w.) "Khatam an-Nabiyyin" (muhuri wa manabii), ni muhuri kwa maana ya mbora, basi nabii asiye na sheria mpya anaweza kuja baada ya Mtume (s.a.w.). Mama yao amefariki, na wazee wa ukoo wamemkataza kaka asikanyage matangani. Dada anauliza maana ya neno, na afanye nini.

Jibu: Dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mama yenu na awape subira.

Hoja ya kaka yako si ngeni. Watasema Waarabu humwita mshairi fulani "khatam ash-shu'ara" (muhuri wa washairi), na washairi wengine wakaja baada yake. Ni kweli, lakini huko ni kutia chumvi kwa binadamu asiyejua kesho itazaa nani. Mwenyezi Mungu naye hajui ya kesho, mpaka aseme kwa kutia chumvi? Halafu, katika wasomaji saba mashuhuri wa Qur'ani, ni Asim tu anayesoma "khatam". Sita waliobaki wanasoma "khatim", yaani mwenye kukhitimisha. Hapo "mbora" atapitia mlango gani? Hata mtoto wa madrasa akisema amehitimu msahafu, hatumuulizi sura iliyobaki.

Ama hili la nabii asiye na sheria, ndilo linalonishangaza zaidi. Mtume (s.a.w.) alipokwenda Tabuk alimwacha Ali (r.a.) Madina, akamwambia: wewe kwangu ni kama Harun kwa Musa, ila hakuna nabii baada yangu. Harun alikuwa nabii wa namna gani? Hakuja na sheria yake. Alifuata ya Musa. Basi aina ileile ya unabii wanayotaka kuiacha wazi kwa ajili ya Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, mwanzilishi wa Ahmadiyya, ndiyo aliyoifunga Mtume kwa ulimi wake. Na wakiuliza mbona Nabii Isa (a.s.) atarejea, yeye hapewi unabii upya, alipewa kabla. Kwa hiyo anayeamini nabii mpya ametoka katika itikadi ya Waislamu, na katika hili siwezi kulegeza.

Lakini wazee wenu nao wamekosea. Umar (r.a.) alipopewa vazi la hariri alimpelekea ndugu yake wa Makka, naye bado mshirikina. Asmaa binti Abu Bakr (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mama yake mshirikina, akaambiwa aunge udugu naye. Sasa kaka yenu azuiwe kumlilia mama aliyemnyonyesha? Aje, achimbe kaburi na vijana wenzake, apokee pole kama ninyi. Asiswalishe jeneza, hilo tu. Na wewe usimkatie simu.

Waambie wazee mambo ya khatam yasizungumzwe matangani, wala yeye asiyaanzishe. Yakiisha matanga, akitaka tukae tusome, mlete kwangu, ila aje peke yake, bila kundi la kushangilia upande wowote.