Njiwa wa Likoni, kunguru na sindano ya manjano

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Nafuga njiwa na kuku hapa Likoni. Wiki hii makinda wa njiwa wamekufa, walikuwa wamepauka, na kwenye manyoya ya wakubwa nimeona wadudu bapa wa kahawia wanaokimbia upande upande kama kaa. Jirani anasema ni kupe walioletwa na kunguru. Ameniambia niwapake njiwa mafuta machafu ya gari, niwadunge ile dawa ya manjano ya ng'ombe, na kunguru niwatilie sumu. Nianze na lipi?

JIBU: Waaleikum salaam. Usifanye hata moja.

Wadudu uliowaona si kupe. Kupe aliyekomaa ana miguu minane, hana mbawa, na akishauma hung'ang'ania pale pale kwa siku kadhaa. Hao wako ni nzi wa njiwa, mfyonza damu anayejipenyeza chini ya manyoya. Ndiye anayepitisha hemoproteusi, vijidudu vya damu vya ukoo mmoja na vya malaria, ingawa binadamu haviambukizwi. Njiwa mzima aweza kuishi navyo bila dalili. Kinda anayenyonywa damu usiku na mchana ndiye anayezidiwa. Kama ndicho kilichowaua makinda wako, kitaonekana kwenye hadubini: tone moja la damu kutoka mshipa wa bawa, likapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi.

Kunguru ana lawama zake tangu alipofika Mombasa kutoka Unguja miaka ya 1940, na vifaranga anawala kweli. Lakini nzi hawa aghalabu huja na njiwa mpya uliyemnunua sokoni. Sumu utakayomtilia kunguru itamaliza paka wa mtaa na mwewe. Kazi iko kwenye viota: nzi huyu hutaga buu lililokwisha kukomaa, nalo hugeuka pupa humo humo kwenye uchafu. Ondoa takataka zote, uzichome, na urudie kabla siku 20 hazijapita. Mafuta machafu yanagandamanisha manyoya, ndege anajichambua kwa mdomo, anayameza, anakufa. Kuku nao wamulike kwa tochi usiku, kwenye nyufa za banda: papasi, kupe laini wa bandani, hunyonya gizani na kurudi mafichoni, na anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula.

Sasa hiyo sindano ya manjano. Hapa ndipo ninapokosa subira, maana karibu kila mnyama mgonjwa anayeletwa kwangu akiwa hoi ameshadungwa. Ule unga wa kuyeyusha ni diminazini. Unatibu babesia, ule ugonjwa wa kukojoa damu, na nagana inayoletwa na mbung'o, kama kwa ng'ombe wa pande za Shimba Hills. Ndigana kali, ugonjwa mwingine unaoletwa na kupe, hauigusi; dawa yake ni buparvakwoni. Ndigana baridi nayo husababishwa na bakteria, hutibiwa kwa oksitetrasaiklini. Yote haya huanza kwa homa na kukataa malisho, kwa hiyo hakuna jicho, hata langu, linaloyatenganisha kwa kumtazama ng'ombe tu. Anayekuuzia chupa dirishani bila kuuliza mnyama gani na ana siku ngapi hakutibii, anauza. Mfugaji wa Kisauni hudunga Jumatatu, husubiri hadi Ijumaa, na ndigana kali haimsubiri: mapafu yanajaa maji huku yeye akiamini dawa inafanya kazi.

Kwa mbwa ni balaa zaidi. Kipimo kikizidi, diminazini hudhuru ubongo. Nimewaona wakiyumba na kukakamaa, na mwenye mbwa anadhani ni kichaa. Wengi wao hawakuwa na babesia hata chembe. Walikuwa na bakteria za damu zinazoletwa na kupe wa mbwa, ambazo diminazini haiziwezi. Na wenye punda wa mikokoteni, nisikilizeni: dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi msimmwagie punda. Husimamisha matumbo yake, akafa kwa msokoto wa tumbo, na watu wakasema ni kupe waliommaliza.

Hata dawa sahihi ikitumiwa ovyo ni madhara. Maziwa ya ng'ombe aliyedungwa oksitetrasaiklini hayauzwi mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa, na wala hayapelekwi kwa jirani kwa sababu ni bure. Dawa ya kuogesha ikizimuliwa kwa kukadiria, wanabaki kupe walioizoea, na hao ndio wanaotaga maelfu ya mayai malishoni.

Wewe niletee njiwa mmoja aliye hai asubuhi, bila kumpaka wala kumdunga kitu. Kinda mwingine akifa, mtie kwenye mfuko wa plastiki, mweke juu ya barafu, usimgandishe, na afike siku hiyo hiyo.