Pakiti ya "amino" kwenye maji haizibi pengo la dagaa

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nafuga kuku wa nyama 300 hapa Ujiji. Dagaa walipopanda bei, muuza vyakula vya mifugo alinishauri nipunguze dagaa na soya, niongeze pumba na mashudu ya mise (kokwa za michikichi), kisha niwape kuku pakiti ya "amino" katika maji ya kunywa. Sasa wana wiki 4, wanakula sana lakini ni wepesi, na niliyemchinja alikuwa na mafuta mengi tumboni. Je, niongeze pakiti?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usiongeze. Kulisha kuku chakula chenye protini pungufu kilichoongezwa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ni elimu ya kweli, nami sina ugomvi nayo. Kinachonikera ni jina lake kutumika kuuzia kitu kingine kabisa, na maswali kama lako nayasikia kila dagaa wanapoadimika, hasa tangu uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kwa miezi 3 mwaka 2024.

Kuku hujenga nyama kwa asidi amino, kila moja kwa kiasi chake, na ile iliyopungua kuliko zote ndiyo inayoamua atakua kiasi gani hata nyingine zikizidi. Katika chakula cha mahindi na soya, inayotangulia kupungua ni methionini, ikifuatiwa na lisini, kisha threonini. Kwa hiyo mchanganyaji anayeijua kazi yake anaweza kushusha protini ya chakula cha kukuzia kutoka asilimia 20 hadi 18, akarudisha hizo 3 zikiwa safi, na kuku wakakua vilevile, huku kinyesi kikipungua naitrojeni na maranda ya bandani yakikaa makavu zaidi. Akishuka sana kuliko hapo, valini, isoleusini na arginini nazo huanza kupungua, na hiyo ya mwisho kuku hawezi kujitengenezea.

Sasa tazama hesabu ambayo muuzaji hakukufanyia. Kuku wa wiki 4 anayekula gramu 100 za chakula kwa siku anapaswa kupata humo lisini isiyopungua gramu 1, yaani gramu 300 kwa kundi lako kila siku. Hata tukikubali kwamba mahindi, pumba na mashudu hayo ya mise, ambayo yana lisini haba na nyuzinyuzi nyingi, yanatoa nusu yake, pengo linalobaki ni gramu 150 kwa siku, na hapo methionini na threonini hazijahesabiwa. Pakiti ya gramu 100, ambayo kwa kawaida sehemu yake kubwa ni sukari inayobeba vitamini, isingemaliza siku moja hata ingekuwa lisini tupu. Pakiti hizo husaidia kuku waliochoka kwa safari au chanjo. Kuzifanya badala ya dagaa ni kumdanganya mfugaji. Mafuta uliyoyaona tumboni yanatokana na pengo hilohilo, kwa sababu kuku huongeza kula akitafuta kinachokosekana, na nishati ya mahindi isiyokutana na asidi amino za kutosha hugeuzwa mafuta.

Wapo pia wanaokimbilia tarakimu ya protini iliyoandikwa kwenye mfuko, nao hawako salama, wawe Kigoma, Tabora au kwingineko. Kipimo cha kawaida cha maabara hakipimi protini yenyewe; hupima naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25. Urea ya mbolea ina naitrojeni asilimia 46, hivyo kilo 1 yake husomeka kama kilo 2.9 za protini, ilhali kuku, ambaye hana tumbo la ng'ombe, hawezi kuigeuza nyama. Ni udhaifu huu wa kipimo uliotumiwa nchini China, ambako mwaka 2008 maziwa ya watoto yalibainika kutiwa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi. Anayekutajia protini ya chakula chake, muulize lisini ni asilimia ngapi na methionini asilimia ngapi. Akishindwa kujibu, nenda kwa mwingine.

Kwa kundi ulilonalo, ondoa mashudu ya mise na urudishe soya iliyokaangwa vizuri, kwa kuwa soya mbichi huzuia mmeng'enyo wa protini. Rudisha na dagaa kidogo, uwachekeche kwanza, maana mchanga nao unauzwa kwa kilo. Lisini na methionini safi zitiwe kwenye chakula, kwa kawaida gramu 200 hadi 300 za kila moja kwa kilo 100, baada ya mtaalamu kukokotoa mchanganyiko wako wote. Zipime kwa mizani midogo, uzichanganye kwanza na kilo 2 za unga wa mahindi ndipo uzisambaze katika chakula chote. Uzito uliopotea hautarudi wote, kwa hiyo panga kuwauza wiki 1 au 2 baadaye kuliko ulivyokusudia.