Maswali ya Wasomaji: Watumishi Wapya, Wanaostaafu na Shughuli Zijazo za Maktaba ya Chuo Kikuu

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimehusu ubao wa matangazo wa maktaba za vyuo vikuu: taarifa za watumishi walioajiriwa, waliopandishwa vyeo na wanaostaafu, pamoja na ratiba ya mafunzo, maonyesho na maadhimisho yajayo. Tumechagua nne na kuzifupisha.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam. Maktaba yetu haichoki kutangaza kwamba fulani amepandishwa kuwa mkutubi mwandamizi, fulani amehamia kitengo cha mifumo, fulani anaagwa. Habari hizi zinanihusu nini mimi ninayekwenda rafuni kuchukua kitabu changu mwenyewe? Je, zisingefaa zibaki ofisini kwao?

Jibu: Zinakuhusu sana, na ningependa usome taarifa hizo kwa makini kuliko unavyosoma tangazo la saa za kufungua na kufunga. Chukua mfano wa jengo jipya la maktaba pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lililojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018. Lilijengwa liweze kuhifadhi vitabu 800,000 na kupokea wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Katika maktaba ya ukubwa huo, mwanafunzi asiyejua nani anahusika na nini atazunguka ghorofa hadi ghorofa na kuondoka akiamini kwamba alichokihitaji hakipo, ilhali kipo na mtu wa kumwonyesha alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka pale aliposimama.

Vyeo navyo vina maana yake. Katika vyuo vikuu vya umma nchini Tanzania, wakutubi wenye shahada za juu huhesabiwa miongoni mwa wanataaluma, na hupanda ngazi kutokana na kufundisha, kufanya utafiti na kuchapisha makala. Kwa hiyo unaposikia kwamba mtu amepandishwa kuwa mkutubi mwandamizi, tafuta ameandika kuhusu nini. Ikiwa amebobea katika utunzaji wa takwimu za utafiti, huyo ndiye wa kumwona kabla hujaanza kugawa hojaji zako. Aliyehamia kitengo cha mifumo ndiye anayeshughulikia katalogi ya kompyuta, ambayo katika maktaba nyingi za Afrika Mashariki huendeshwa kwa Koha, programu huria iliyoanzia New Zealand mwaka 2000. Huyo pia ndiye atakayekusaidia nywila yako inapokataa ukiwa nyumbani, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi.

Taarifa ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote ni ile ya kustaafu. Mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na umri wa miaka 60, na pengine nusu ya umri huo ameutumia katika kitengo kimoja. Fikiria mtu aliyelea mkusanyiko wa machapisho ya Afrika Mashariki, ambamo hutunzwa ripoti za serikali, tasnifu za zamani na magazeti ya tangu enzi za ukoloni, kama vile *Mambo Leo* lililoanza kutolewa mwaka 1923. Katalogi itakuambia kwamba gazeti lipo. Haitakuambia kwamba matoleo ya miezi fulani yalijalidiwa pamoja na ya mwaka uliofuata, wala kwamba ripoti unayoitafuta iliandikishwa kwa jina la wizara iliyokwisha kubadilishwa jina mara mbili. Mambo hayo anayajua yeye, na mara nyingi hayajaandikwa popote. Ukiona jina lake katika orodha ya wanaoagwa, na utafiti wako unagusa kitengo chake, mwendee wiki hiyohiyo ukiwa na daftari.

Kwa upande wa maktaba zenyewe, naomba tangazo la kumuaga mtumishi lisiishie kwenye picha na keki. Litaje nani anachukua nafasi yake, anapatikana dawati gani, na kwa muda gani wawili hao watafanya kazi pamoja kabla ya makabidhiano. Makabidhiano ya funguo humalizika kwa dakika tano, lakini ya maarifa yanahitaji miezi, na uongozi wa chuo unapaswa kuipanga miezi hiyo kabla barua ya kustaafu haijatoka.

Swali: Ninasoma shahada ya uzamili na ninaandika tasnifu kuhusu wanawake wanaolima mwani Unguja. Ratiba ya maktaba yetu kwa mwaka huu wa masomo imejaa mafunzo na maadhimisho, nami nina kazi na familia. Nikipata nafasi ya kuhudhuria moja tu, nichague lipi?

Jibu: Chagua mafunzo ya kutafuta makala katika hifadhidata, na uyahudhurie mapema, mwaka wa masomo unapoanza kati ya Oktoba na Novemba. Ukisubiri hadi sura ya pili ikukwamie, utakuwa umechelewa. Nenda na kompyuta yako, na uende na mada yako mwenyewe, kwa sababu mkufunzi hutoa mifano ya jumla pale tu anapokosa swali la kweli la kufanyia kazi.

Mada yako inafaa sana kuonyesha faida ya mafunzo hayo. Ukiandika "mwani" katika hifadhidata ya kimataifa utapata machache mno, na ukiandika neno la Kiingereza la jumla utazama katika maelfu ya makala kuhusu Indonesia na Ufilipino. Mkutubi mzoefu atakushauri uanze na majina ya kisayansi. Mwani ambao wakulima wa Paje na Jambiani huuita spinosum ni *Eucheuma denticulatum*, na ule wanaouita cottonii ni *Kappaphycus alvarezii*. Huu wa pili uliwahi kuandikwa kwa jina la *Eucheuma cottonii*, na hapo ndipo watafiti wengi hupoteza makala za zamani, maana wanatafuta kwa jina jipya peke yake. Tafuta kwa majina yote mawili, uunganishe na Zanzibar, kisha uongeze neno moja moja la jambo unalolichunguza: kipato, afya, bei, joto la bahari. Kilimo hiki kilianza kibiashara katika vijiji hivyo mwaka 1989, kwa hiyo weka mpaka wa miaka ili matokeo yasiyokuhusu yaondoke. Kazi ambayo ungeifanya kwa wiki mbili ukiwa peke yako inaweza kumalizika kwa alasiri moja, na utabaki na orodha unayoweza kuitetea mbele ya msimamizi.

Uliza pia kama chuo chako kimesajiliwa katika Research4Life, mpango unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato cha chini kusoma majarida ya kitaaluma bila malipo au kwa gharama ndogo. Sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza mwaka 2002, na ya kilimo, AGORA, mwaka 2003. Inasikitisha kuona mwanafunzi analipia makala kwa fedha za mkopo wakati chuo chake kina haki ya kuipata.

Mengine katika ratiba yana faida zake. Wiki ya kimataifa ya machapisho huria, yaani yale ambayo yeyote anaweza kuyasoma mtandaoni bila malipo, ambayo huwa mwezi Oktoba, itakufaa ukianza kufikiria jarida la kuchapisha makala yako. Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, tarehe 23 Aprili, ni nafasi nzuri ya kujua unaruhusiwa kunakili kiasi gani cha kitabu cha mwenzako.

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Pangani. Nimesikia kwamba maktaba ya chuo kikuu itafanya maonyesho tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Mimi si mwanafunzi. Je, nitaruhusiwa kuingia? Nyumbani tuna karatasi za marehemu babu, tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Wajukuu wanataka tuzipeleke mjini zikawekewe plastiki ya moto zisiharibike. Nizilete kwenye maonyesho?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Kwa kawaida maonyesho na mihadhara ya siku kama hiyo huwa wazi kwa umma. Chukua kitambulisho chako, na umwombe mmoja wa wajukuu apige simu siku chache kabla ili kuhakikisha. Kusoma ndani ya maktaba siku za kawaida ni jambo jingine, na huhitaji kibali cha mgeni.

Kuhusu karatasi, tafadhali wazuie wajukuu leo hii. Plastiki ya moto haiondoleki tena bila kuharibu karatasi, na joto lake hudhuru wino. Vivyo hivyo gundi ya utepe, ambayo baada ya miaka huacha doa la rangi ya kahawia na kunata. Wala zisipigwe pasi zile zilizokunjamana. Zilaze bapa, zisikunjwe upya, zifunikwe kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukauka vizuri, ziwe ndani ya boksi safi lililoinuliwa kutoka sakafuni na kutenganishwa na ukuta, kwa sababu unyevu wa pwani hupanda kupitia humo. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu karibu na dirisha, mchana, bila kuwasha taa ya kamera. Na usiandike kitu juu yake kwa kalamu ya wino. Ukihitaji kuweka namba, tumia penseli, kwa wepesi, pembeni.

Usizilete siku ya maonyesho, kwa kuwa siku hiyo watu ni wengi na wakutubi hawatakuwa na utulivu wa kukusikiliza. Omba miadi na mkutubi wa miswada wiki nyingine. Chuo cha Dar es Salaam kina historia ndefu katika jambo hili: J. W. T. Allen alikusanya miswada na kanda za sauti za watu wa mwambao, na orodha ya mkusanyiko huo uliowekwa katika maktaba ya chuo ilichapishwa mwaka 1970. Watafiti bado wanaitumia.

Hulazimiki kutoa karatasi zenyewe. Maktaba inaweza kutengeneza nakala za kidijiti na kukurudishia zako, ila makubaliano yawe kwa maandishi: asili zinabaki kwa nani, nani ataruhusiwa kusoma nakala, na jina la babu litatajwa vipi. Nami nakuomba jambo moja zaidi, Mwalimu. Andika, au wajukuu wakurekodi ukisema, tenzi hizo zilisomwa na nani, katika shughuli gani, na kwa mahadhi yapi. Karatasi haibebi mahadhi, na mtafiti atakayezifungua baada ya miaka 50 atakuwa na haja nayo.

Swali: Mimi ni msaidizi wa maktaba katika chuo kikuu. Tumetangaziwa mafunzo ya siku mbili ya kukabiliana na moto na mafuriko, na baadhi yetu tunaona ni kazi ya zimamoto. Una maoni gani?

Jibu: Nenda, na umshawishi na mwenzako. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa porini ulishuka kutoka Mlima wa Meza na kuteketeza chumba cha kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Machapisho takriban 70,000 ya taaluma za Afrika yaliangamia. Milango ya kuzuia moto ilizinusuru stoo za chini ya ardhi, lakini maji yaliingia humo, na hapo kazi ikawa ya watumishi wa maktaba na mamia ya watu waliojitolea, waliopanga mstari na kupitisha makreti mkono kwa mkono.

Zimamoto huzima na kuondoka. Kitabu kilicholowa huanza kuota ukungu ndani ya takriban saa 48, hata mapema zaidi kwenye joto kama letu, na kisipoweza kukaushwa haraka hugandishwa kwenye jokofu hadi zamu yake ifike. Kwa hiyo katika siku hizo mbili hakikisha mnapata majibu ya maswali manne: ni makusanyo yapi yanaokolewa kwanza, nani ana ufunguo wa stoo usiku, maji yanafungwa wapi, na ni nani hapo mjini mwenye jokofu kubwa, awe mfanyabiashara wa samaki au wa nyama, aliyekubali kuombwa nafasi. Jina lake na namba yake ya simu vibandikwe nyuma ya mlango wa stoo kabla ya mvua za masika.