Usimrudishe darasa kabla hajapimwa kusoma

Mama mwenzangu, usisaini hiyo fomu ya kurudia darasa. Umeandika kwamba kijana wako ana miaka minane, kwa mdomo anajibu kila kitu, akishika kitabu anakwama, na mwalimu anataka arudie darasa la pili. Halafu unauliza habari za miwani, tuisheni na kumhamishia shule ya Kiingereza. Mimi nashika hilo la kurudia, maana ndilo lililotuumiza nyumbani kwangu na bado linaniuma.

Mwalimu wa darasa aliniambia mwanangu ni mzito, akili haijakomaa, mwaka mmoja zaidi utamweka sawa. Mkuu wa shule akaunga mkono. Hakuna hata mmoja wao aliyemkalisha mtoto dakika kumi amsikilize anavyosoma. Nikakubali, kwa sababu mwalimu akisema, wewe mzazi unadhani kaona kitu usichokiona. Mtoto akarudi kwenye dawati lilelile, mwalimu yuleyule, kitabu kilekile, kuimba ba be bi bo bu kwa mtindo uleule uliokwisha kumshinda.

Katikati ya mwaka napigiwa simu ya furaha: mtoto anasoma! Na kweli, jioni alinisomea ukurasa mzima bila kusita. Baba yake ndiye aliyeshtuka, kwa kuwa mtoto alimaliza ukurasa huku kidole chake bado kiko mstari wa katikati. Akachukua chaki, akaandika kwenye mlango wa stoo maneno matatu ya ukurasa huohuo: mbuzi, kalamu, ndizi. La kwanza mtoto akasema "buzi". La pili akasema "kamula". La tatu hakulijaribu, akaanza kulia. Kitabu kizima alikuwa amekikariri kwa kusikiliza wenzake. Mtoto mwenye kumbukumbu ya namna hiyo ndiye waliyemwita mzito!

Ada ya mwaka ule niliilipa na ikaenda, lakini hela si hoja. Mdogo wake wa kike alipanda darasa, wakawa darasa moja. Watoto wa mtaani wakalijua hilo kabla hata sisi hatujakaa kuongea naye. Yule mtoto aliyekuwa haachi kuuliza maswali akanyamaza, na kila Jumatatu asubuhi tumbo likawa linamuuma. Alipofika darasa la tatu, masomo yakaongezeka na maandishi yakawa marefu, kukariri kukagoma. Tukawa pale tulipoanzia, ila sasa na mtoto anayeamini kwamba ni mjinga. Hilo siwezi kuwasamehe wale waliolisema mbele yake.

Ushauri niliopata wakati ule usiuulize. Jirani mmoja alinishikilia nimpikie mtoto vichwa vya samaki. Tulikula, vitamu kwelikweli, na kusoma kukabaki vilevile.

Tulipopata mwalimu aliyesomea elimu maalumu ndipo tukasikia neno disleksia. Si uvivu, wala haina uhusiano na akili ndogo. Ubongo unapata taabu kuoanisha herufi na sauti yake, na mara nyingi hali hii hutembea katika ukoo. Nikamkumbuka kaka yangu aliyeacha shule, ilhali kwa kuhesabu pesa kichwani alitushinda sisi wote. Wala si jambo geni: mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika kuhusu kijana wa miaka 14 asiyeweza kusoma, ambaye mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Si ndiye huyo wako?

Kwetu inajificha zaidi, kwa sababu Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto mwenye disleksia hatimaye anaweza kupatia maneno, ila polepole mno, na imla inabaki mbovu. Mwalimu anaona anapatia, anasema atakuja kuweza. Kwa hiyo hata hiyo shule ya Kiingereza ifikirie mara mbili: huko herufi zilezile zinabadilisha sauti neno kwa neno.

Miwani: mpime macho na masikio, ni lazima, lakini miwani haitibu disleksia. Vyama vya madaktari wa watoto na wa macho Marekani walishatoa tamko la pamoja mwaka 2009 kwamba lenzi za rangi na mazoezi ya macho havina ushahidi wa kutosha.

Kupimwa ninakosema ni huku: mtoto peke yake na mtu mzima mmoja. Asome silabi zilizochanganywa, si kwa mpangilio wa wimbo. Asome maneno ya kubuni kama "tepo" au "mulasi", maana hayo hayakaririki. Asome kifungu ambacho hajawahi kukiona, kisha aulizwe maswali. Upimaji wa EGRA, yaani kipimo cha kusoma kwa watoto wa madarasa ya mwanzo, unafanywa hivyohivyo na kwa mtoto mmoja hauli hata nusu saa, kwa hiyo shule isikwambie haina muda. Apige makofi kwa kila silabi ya "kiberiti". Shule ikishindwa kumpima, muulize afisa wa elimu maalumu wa halmashauri akuelekeze kwa mwalimu mwenye mafunzo, kama wanaotoka chuo cha ualimu wa elimu maalumu cha Patandi kule Arusha. Mlioko Kenya mna vituo vya EARC, vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, tangu 1984, na sheria yenu ya elimu ya msingi ya 2013 kwa kanuni hairuhusu mtoto kubakizwa darasa.

Wangu alianza kusogea alipofundishwa sauti moja moja, kila siku kidogo, anaitamka huku anaiandika kwa kidole kwenye sinia la mchanga, na haruki kwenda nyingine mpaka hiyo imekaa. Mb na nd zilichukua muda mrefu kuliko zote. Maswali ya mtihani anasomewa. Sasa yuko na wenzake, bado msomaji wa taratibu, lakini anasoma na mkono ananyoosha.

Kesho nenda shuleni na daftari lake la imla. Mwombe mwalimu amsikilize mtoto akisoma kitu kigeni, wewe ukiwa umekaa palepale. Chukua na daftari la mwaka jana. Kama makosa ni yaleyale, mwonyeshe, halafu muulize ni kitu gani atakachokifanya tofauti mwaka huo wa kurudia.