Eti Kennedy maana yake kichwa kibaya?

SWALI: Mambo mhariri, mi naitwa Kennedy, mshua alinipa kwa ajili ya yule rais wa Marekani, sasa kijiweni wamenigeuza "Ken na deni" kisa nakopa sana vocha, halafu juzi jamaa kaja na jipya, eti kwa Kiayalandi Kennedy ni kichwa kibaya. Ni kweli au ananizingua? – Ken, Mwanza

JIBU: Pole kaka, hajakuzingua sana. Jina lako limetoka kwenye Ó Cinnéide, yaani wa uzao wa Cinnéide, na hapo kipande cha mbele ni kichwa, hilo halina ubishi, ugomvi uko kwenye kipande cha pili, kuna wanaosema ni ubaya wa sura na kuna wanaosema ni vazi la vita, yaani kichwa chenye kofia ya chuma. Ukiniuliza mimi, hiyo ya kofia inanuka uchawa, lakini wewe ishike hiyohiyo! Tena jina la wakubwa hilo, baba yake Brian Boru, mfalme wa Ayalandi aliyeuawa vita ya Clontarf mwaka 1014, aliitwa hivyohivyo. Na huyo rais wenu, baba wa babu yake alitoka Wexford, huko Ayalandi, akahamia Boston, Marekani, na 1963 rais mwenyewe, John Kennedy, akaenda huko Ayalandi kusalimia ndugu.

Deni halimo kwenye Kiayalandi, lipa vocha za watu. Na kama hapo kijiweni kuna Campbell asicheke, lake ni la Uskoti, maana yake mdomo uliopinda.