Jibu: Bi Mkubwa anabadilishwa nyonga, tujiandae vipi?

Pole dada, na Bi Mkubwa mfikishie shikamoo yangu. Umeuliza achague nyonga ya chuma au ya kauri, na hapo kwenu Ngamiani mtengeneze nini. Kiungo chenyewe si kitu kimoja: kuna shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja, kichwa cha chuma au kauri, na kikombe kinachopokea kichwa hicho, ambacho mara nyingi ndani kina plastiki ngumu. Kauri huchakaa polepole, ila bei iko juu. Kwa umri wake wa miaka 74, mimi ningeulizia zaidi hilo shina. Mifupa ikiwa dhaifu, madaktari wengi huligandisha kwa saruji maalumu. Lisilo na saruji hutegemea mfupa uote na kulishika.

Kazi kubwa iko nyumbani. Wiki za mwanzo wengi hukatazwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90, yaani goti lisipande juu kuliko nyonga, kwa hiyo mbuzi ya kukunia nazi, kigoda na choo cha kuchuchumaa, asivitumie kabisa. Akalie kiti kirefu, hata kusali. Nazi wakune wajukuu! Jino bovu litibiwe kabla, sukari idhibitiwe, na kama anameza dawa za kuyeyusha damu amwambie daktari mapema, asiziache mwenyewe.