Maswali na Majibu: Kujitolea Katika Makao ya Watoto Wagonjwa Ng'ambo

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi wa ngazi ya cheti, mzaliwa wa Malindi wa mwaka 2000. Nimekubaliwa kujitolea kwa wiki sita katika makao ya watoto mjini Kolkata, India, yanayolea watoto wenye utapiamlo mkali, wenye mtindio wa ubongo na wanaoishi na VVU. Nitasafiri baada ya miezi minne. Naomba kujua nichanjwe chanjo gani na lini, kama nitaruhusiwa kudunga sindano na kutoa dawa, na kama wiki sita zinatosha kuwafaa watoto hao. — Msomaji, Shella, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wengi wanaoniuliza juu ya safari za namna hii hutaka kujua watajikingaje na maradhi ya huko waendako. Swali hilo lina haki yake, lakini miaka niliyouguza watoto imenifundisha kutanguliza jingine: mtoto atakingwaje na wewe? Mtu mzima mwenye siha huugua mafua siku tatu akainuka, ilhali mtoto aliyedhoofishwa na utapiamlo, au ambaye kinga yake imeshushwa na VVU, anaweza kufa kwa mafua yayo hayo. Chanjo zako nitazipanga kwa jicho hilo.

Anza na homa ya ini aina ya B, kwa sababu ndiyo inayokula muda. Kenya iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto wachanga mwishoni mwa 2001, kwa hiyo wewe wa mwaka 2000 uliikosa utotoni, na kama chuo chako hakikuwachanja, huna kinga. Pimwa kwanza uhakikishe kwamba hujaambukizwa. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita. Kwa kuwa huna miezi sita, omba ratiba ya haraka, ambayo dozi ya pili hutolewa baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miwili, na ya nne mwaka ukitimia. Mwezi mmoja baada ya dozi ya tatu upimwe damu tena, maana wapo watu wachache ambao chanjo hii haiwashiki.

Homa ya manjano ni suala la sheria zaidi kuliko la tiba. Ugonjwa huo haupo India, lakini mbu wanaoweza kuueneza wapo, na ndiyo sababu msafiri anayetoka Kenya bila cheti anaweza kutengwa hadi siku sita. Cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yako yote. Kumbuka tu kwamba chanjo hii na ile ya surua zote zina virusi hai, na zisipotolewa siku moja, ni vyema zipishane kwa wiki nne. Ukiwa mjamzito, au kinga yako ikiwa dhaifu, mwambie mchanjaji kabla hajafungua chupa.

Surua utahitaji dozi mbili zilizoandikwa kwenye kadi, si za kukumbukwa na mama. Tetekuwanga ndiyo inayosahauliwa na wengi, nami nina kisa chake. Katika wodi moja niliyofanya kazi, kijana wa kujitolea alikuja asubuhi akiwa na homa kidogo, akawabeba watoto mchana kutwa, na kesho yake akatokwa na vipele. Ugonjwa huu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kuonekana, na hujificha mwilini kwa siku 10 hadi 21, kwa hiyo wiki tatu nzima tulikuwa tukihesabu siku juu ya kitanda cha mtoto wa ugonjwa wa figo aliyekuwa kwenye dawa zinazoshusha kinga. Alipona, lakini kwa dawa za gharama na usiku mwingi wa kukesha. Usiseme kwamba kila mtu huku kwetu amekwisha kuugua tetekuwanga: katika nchi za joto watu wengi huipata ukubwani kuliko katika nchi za baridi. Kama hukumbuki kuiugua, uliza hospitali za kibinafsi chanjo yake, ambayo ni dozi mbili zinazopishana angalau wiki nne. Na ukiwa na kikohozi kilichopita wiki mbili, usipande ndege kabla makohozi yako hayajapimwa kifua kikuu.

Kuhusu sindano na dawa, jibu ni hapana. Leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya haivuki mpaka, na anayetibu ng'ambo bila kusajiliwa huko huwa anavunja sheria, hata akiwa hodari. Makao yanayokukabidhi sindano siku ya kwanza kwa sababu tu umevaa sare yanapaswa kukutia hofu. Ikitokea ukachomwa na sindano iliyotumika, osha mara moja kwa maji na sabuni bila kuminya jeraha, kisha utafute dawa za kinga dhidi ya VVU siku ileile. Zikichelewa kupita saa 72 hazisaidii, na humezwa kwa siku 28.

Kazi utakayopewa ni kulisha, kuosha na kubeba, nayo si kazi ndogo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupaliwa kwa urahisi, na chakula kikiingia mapafuni humletea nimonia. Mkalishe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo na kamwe kisilale nyuma, umpe kijiko kidogo, usubiri ameze ndipo umpe kingine, na umwache wima nusu saa baada ya kula. Wapo wanaopaliwa bila kukohoa, kwa hiyo sikiliza sauti yenye majimaji na utazame macho yanayolengalenga machozi. Ukiona dalili hizo, simamisha kulisha na umwite mlezi. Nimeona akina mama wakimlaza mtoto na kummiminia uji kwa kiganja ili ashibe upesi. Kwa mtoto huyu hilo ni hatari kubwa.

Mwenye utapiamlo mkali naye usimwonee huruma ya biskuti. Mwanzo wa matibabu hupewa maziwa maalumu ya F-75, yenye kalori 75 kwa kila mililita 100, kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, kwa sababu chakula kingi cha ghafla huvuruga madini ya damu na kuuelemea moyo.

Sasa wiki sita. Sisi wa Malindi tunalijua jambo hili kutoka upande wa pili: tumewaona wageni wakija katika makao ya watoto ya hapa kwetu, wakikumbatiwa na watoto wasiowajua, wakipiga picha, na wakiondoka. Zamu hii mgeni ni wewe. Mtoto anayemkimbilia kila anayeingia mlangoni mara nyingi ni mtoto aliyekosa mlezi wake mmoja. Utafiti ulioanza mjini Bucharest, Romania, mwaka 2000 uliwafuatilia watoto 136 waliolelewa katika taasisi, na wale waliohamishiwa kwa familia za malezi walikua vizuri zaidi, hasa waliohamishwa kabla ya kufika takribani miaka miwili. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilitambua madhara ya utalii wa makao ya watoto. Kwa hiyo usiombe kupewa mtoto wako wa kumpakata. Omba kuwa msaidizi wa yaya wa kudumu: wewe ufue, uandae chakula na ushike zamu ya usafi, yeye apate nafasi ya kukaa na watoto anaowajua. Hapo wiki sita zinatosha.

Kabla ya kulipa nauli, waandikie uwaulize kama wamesajiliwa, watoto wangapi wana wazazi walio hai, na wanafanya nini ili kuwarudisha kwao. Angalia pia kama watakudai cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Wasipokidai, jua kwamba hawamdai mtu mwingine yeyote anayeingia kwa watoto hao. Aina ya viza iulize ubalozi wenyewe, na ukiambiwa na makao uingie kama mtalii na unyamaze kimya, usiende.

Ukirudi, kikohozi kikikukaa zaidi ya wiki mbili, au ukipungua uzito na kutokwa jasho usiku, nenda ukapimwe na umweleze mhudumu ulikokuwa na watoto uliowahudumia. Dozi ya nne ya homa ya ini iandike kwenye kalenda sasa hivi, kwa kuwa ndiyo ambayo wasafiri husahau wakisharejea nyumbani.